Dakika Moja na Nusu kwa Kila Uso

Krrr, krrr, halafu kimya. Krrr, krrr, halafu kimya. Hivyo ndivyo kompyuta yetu ilivyokuwa ikipokea picha kutoka kwa kamera, kipande kwa kipande, na ninaisikia hadi leo kama vile iko chumba cha pili. Ule ukimya ndio uliokuwa mbaya. Ukihesabu mpaka tano na bado hakuna krrr nyingine, ulijua waya umelegea au kompyuta imeganda, na mteja ameketi pale kwa kiti anakutazama kana kwamba wewe ndiwe uliyemeza uso wake.

Vijana wangu, mmeniomba niwaandikie kazi ilikuwaje zamani. Mimi si mtu wa kuandika. Shule niliacha kidato cha pili, na Kiswahili changu mnakijua, kina vumbi la Gitothua, kule Ruiru. Lakini nimepiga picha za watu tangu ujana mpaka macho yenyewe yaliponiambia nipumzike, kwa hivyo wakati ninao. Mtanisamehe nikiruka huku na kule.

Mwisho wa miaka ya tisini nilikuwa msichana mwembamba mwenye ndoto nyingi kuliko nguo. Nilifanya kazi mjini Thika, kwa studio ya Bwana Karanja, juu ya duka la mbegu na dawa za ng'ombe. Ndoto yangu kubwa ilikuwa kupiga picha mawingu nikiwa ndani ya ndege. Ndege sikuwa nimepanda, na sijapanda, lakini kila asubuhi nikipanda zile ngazi zenye harufu ya dawa ya kupe nilijiona niko nusu ya safari.

Karanja alikuwa mtu wa filamu. Vidole vyake vilikuwa na madoa ya kahawia ya dawa za kuoshea picha, na aliweza kukuambia filamu imeharibika kwa kuinusa tu. Yeye ndiye aliyenifundisha kwamba mtu mnene hupigwa akiwa ameketi kando kidogo, kwamba mtu mwenye haya usimwambie acheke bali umuulize jina la ng'ombe wake, na kwamba mpiga picha asiyefagia studio hajui kazi. Siku aliyoileta ile kamera mpya aliibeba kwa mikono miwili kama mtu anayebeba mayai.

"Shiro," akaniambia, "hii haitaki filamu."

"Inataka nini?"

"Inataka subira."

Nilidhani ni mzaha. Kamera ilikuwa ya mkono wa pili, mwenyewe wa kwanza alirudi nayo kutoka ng'ambo. Kadi yake ya kuhifadhia picha ilikuwa imepotea. Bila kadi, ilishika picha moja tu kichwani mwake, moja pekee, na haikukubali kupiga nyingine mpaka ile ya kwanza ipite kwa waya iingie kwa kompyuta. Waya wenyewe ulikuwa mfupi na mgumu kama kamba ya kuanikia nguo. Picha ilianza kuonekana kwa skrini kutoka juu: nywele, paji la uso, nyusi, macho, mpaka chini. Kwa saa yangu ya mkono ilikuwa dakika moja na nusu kwa kila uso, siku stima ikiwa nzuri, taa hazififii. Ukichomoa waya kabla picha haijafika, kamera iliitupa hiyo picha na kujiweka tayari kwa nyingine, lakini kompyuta nayo iliganda, na kuiamsha tena ilikuwa kazi ya kunywa chai kikombe kizima.

Kwa hivyo Karanja aliweka sheria. Aliiandika kwa kalamu nyekundu na kuibandika juu ya meza: WAYA HAUCHOMOLEWI.

Ninyi mnaopiga picha mia moja mtu akishuka ngazi tu, mtacheka. Chekeni. Lakini hebu fikirieni unapiga mara moja, halafu unakaa dakika moja na nusu ukijua chochote kitakachotokea mbele yako sasa, hutakipata. Nilijifunza kutazama watu kwa njia hiyo. Nilijifunza pia mambo madogo ya kufanya. Waya niliubandika sakafuni kwa utepe wa gundi ili mtu asijikwae. Betri nilizitia kwapani asubuhi za baridi kabla ya kuziweka, kwa sababu betri baridi hufa haraka. Mchezo wa karata uliokuwa kwa kompyuta niliufunga kabla ya kuvuta picha, maana Karanja akicheza karata, picha ilichukua dakika mbili na nusu, na yeye hakukubali kamwe kwamba ni karata.

"Ni stima," alisema kila mara. "Wee Shiro, hiyo ni stima ya Thika."

Wateja nao kila mmoja alingoja kwa namna yake. Wanafunzi wa kutoka Kahawa Wendani walikuja kwa picha za pasipoti, na mmoja wao alilala usingizi kabisa kati ya paji la uso na kidevu chake mwenyewe. Bwana Hamisi, mwuza vitambaa, alikuja kupigwa picha pamoja na mke wake, na picha yao ilipokuwa ikishuka aliwauzia wateja wawili waliokuwa kwa foleni mita sita za kitambaa. Mke wake akamwambia, "Baba Zuhura, hata ukipigwa picha ya jeneza utakuwa unauza!" Naye akajibu, "Nikinyamaza wewe utakula nini?" Wakaondoka wakigombana vizuri, na picha yao ya pili, niliyoipiga hapo, ilitoka wote wawili wakitazamana kwa hasira tamu. Sijapiga picha ya ndoa nzuri kuliko hiyo.

Lakini leo nataka niwaambie kuhusu neno moja nililolisema vibaya.

Siku za filamu, mpiga picha alikuwa anasema, "Usitingishike." Halafu anabonyeza. Halafu anasema, "Haya, tayari." Watu wetu walizoea hivyo. Hasa wale wa mashambani, wakisikia usitingishike, waliganda kabisa na hawakupumua mpaka wasikie tayari. Ilikuwa kama amri ya chifu. Mimi kamera hii ilipokuja, neno tayari liliniponyoka, nikaacha kulisema. Kwangu picha haikuwa tayari mpaka ifike kwa skrini. Nilikuwa nabonyeza, nageuka kutazama kompyuta, na mtu akiniuliza kama imetoka ninamjibu, "Bado." Sikuwa nikimtazama. Nilikuwa nikimtazama yule wa kwa skrini.

Siku hiyo ilikuwa Jumanne, soko limetulia. Mwanamke alipanda ngazi akisimama kila baada ya hatua tatu, nilisikia akipumzika. Alikuwa na msichana wa miaka kama minne. Alinisalimia kwa sauti ya chini na kusema anaitwa Mama Nyambura, anatoka Gitothua.

"Gitothua?" nikasema. "Mimi pia ni wa Gitothua! Ruiru hakuna studio?"

"Ziko," akasema. "Lakini wanasema nirudi baada ya wiki. Eti filamu ijae kwanza ndiyo iende kuoshwa. Nimesikia ninyi picha inatoka leo leo."

"Leo leo," nikasema. Nilijivuna kama mimi ndiye niliyeunda kompyuta.

Alikaa kwa kiti. Sitawaambia ugonjwa wake, hakuniambia na sikuuliza. Miaka hiyo hatukuwa tukiuliza. Sweta lilikuwa kubwa kwake, na mtu angeona kwamba siku moja lilikuwa saizi yake. Alivua kitambaa cha kichwa, akakifunga upya, akamvuta mtoto asimame karibu na goti lake.

"Nataka moja tu," akasema. "Lakini iwe nzuri. Huyu hana picha yangu hata moja. Na kichwa cha mtoto wa miaka minne, si unajua? Hakiweki kitu."

Nilielewa. Nilitabasamu kwa sababu sikujua nifanye nini na uso wangu. Nikasema, "Usitingishike," nikabonyeza, nikageukia kompyuta.

Krrr, krrr. Kitambaa cha kichwa. Paji la uso.

"Imetoka?" akauliza, midomo haifunguki vizuri.

"Bado."

Nyusi. Macho. Nikakaza macho yangu kwa skrini, nikaona alivyotazama kamera, amekodoa, mashavu yameingia ndani, shingo imekazwa kama ya mtu anayebeba mtungi. Ilikuwa picha kamili. Ilikuwa picha ya mtu mwingine. Alipokuja kuiona alisimama nyuma yangu akiwa ameshika kiti changu.

"Hapana," akasema polepole. "Huyu siye mimi. Huyu ni ugonjwa. Tafadhali usimwonyeshe mtu hii."

"Sitamwonyesha mtu," nikasema. "Tupige nyingine."

Nikabonyeza ya pili. Nikageuka tena. Tena krrr, tena paji la uso. Tena akauliza, na tena nikasema bado. Ndipo mtoto akavuta sketi yangu.

"Aunty," akasema, "mwambie mamangu apumue."

Nikageuka. Mama Nyambura alikuwa ameketi vile vile nilivyomwacha, kidevu juu, mikono juu ya mapaja, hatingishiki, jasho limetoka juu ya mdomo. Alikuwa ameshika pumzi. Mara ya kwanza pia alikuwa ameshika pumzi, mpaka uso ulipoingia wote, yeye aliyeshindwa kupanda ngazi kumi bila kupumzika, kwa sababu mimi nilikuwa nimemwambia bado.

"Ngai wangu!" nikapiga kelele. "Mama Nyambura, pumua! Picha ilitoka kitambo, ile ya kubonyeza! Sasa inasafiri tu kwa waya!"

Akanitazama. Akaachia pumzi yote mara moja, akakohoa, nikaogopa sana. Halafu akaelewa.

"Uuui!" akasema. "Inasafiri? Na mimi nimekaa hapa nikiisindikiza?"

Akacheka. Vijana wangu, alicheka mpaka kitambaa kikateleza nyuma, na pengo la jino lake la juu likaonekana, na yale mashavu yakajaa kama mtu ameyamiminia maziwa. Mtoto naye akarudi gotini pake, akaanza kucheka bila kujua ni nini, akiinua uso kumtazama mamake. Kumbe sweta lile lilikuwa na mwenyewe. Na kamera ilikuwa imefungwa kwa waya, picha ya pili iko kwenye nyusi, imebaki dakika nzima.

Karanja alikuwa mlangoni. Aliniona nikitazama waya.

"Shiro," akasema. "Usijaribu."

Nikauchomoa.

Kompyuta ikalia piii na kuganda. Nikabonyeza kamera mara moja tu, na nikamwambia Mama Nyambura, kwa sauti kubwa zaidi ya ilivyohitajika, "Haya! Tayari! Tayari kabisa!"

Karanja aliondoka mlangoni. Alikuja akaketi kwa kompyuta yeye mwenyewe, akaizima, akaiwasha, na ile skrini ya bluu ya kujichunguza ikaanza kutembea kama kobe. Kamera tulikuwa hatuwezi kuizima, ingesahau. Taa ya betri ikaanza kupepesa. Kubadilisha betri ni sawa na kuizima. Mama Nyambura alikuwa amelala kwa benchi yetu, kichwa chake juu ya mkoba, mtoto akimpepea na bahasha. Nilisimama pale nikiwa nimeikumbatia ile kamera kifuani kama kifaranga, nikidhani labda joto litasaidia. Karanja alinitazama nikifanya hivyo na hakunicheka.

Kompyuta ilipoamka, nikarudisha waya. Krrr, krrr. Akaja kusimama nyuma yetu. Kitambaa kilichoteleza kikashuka. Paji la uso. Macho yamefinyika kwa kicheko. Pua. Pengo. Kidevu. Kifua cha sweta, na juu kabisa ya kichwa cha mtoto, nywele na kipande cha paji. Halafu kimya. Nikahesabu tano, nikahesabu kumi. Taa ya kamera ilikuwa imezima. Sehemu ya chini ya picha ilibaki kijivu tupu kama sakafu.

"Mimi niko wapi?" mtoto akauliza.

Machozi yalikuwa karibu kunitoka. "Mama, samahani. Nipige nyingine. Naweka betri mpya, sasa hivi, nawe utakuwa unapumua..."

"Sina nguvu ya nyingine," akasema, bila lawama. Akasogea karibu na skrini, akajitazama kwa muda mrefu. "Hii inatosha. Nyambura ana uso wake, ataenda nao popote. Ni wangu atautafuta."

Karanja alikata ile sehemu ya kijivu, akaichapisha kwa karatasi yetu bora, akaipeperusha mwenyewe mpaka wino ukauke. Walipoondoka nilingoja anifukuze kazi. Akasema tu, "Kuanzia kesho, ukibonyeza, mtazame mtu. Kompyuta haitakimbia." Halafu akatoa ile karatasi ya sheria ukutani, akaigeuza, akaandika nyuma yake kwa kalamu ile ile nyekundu: SEMA TAYARI. Hilo ndilo somo kubwa nililopewa kwa kazi hii, na nilipewa na mtu aliyekuwa na haki ya kunipigia kelele.

Ningependa kuwaambia iliishia hapo.

Miezi michache baadaye alikuja mwanamume wa Ruiru, nguo zake safi, kofia mkononi. Alijitambulisha kuwa ni kaka ya Mama Nyambura. Dada yake amefariki, akasema. Mazishi ni Alhamisi. Alikuwa ameitoa ile picha kwa fremu na kuifunga kwa gazeti, akaiweka juu ya meza.

"Nataka ya kuchapishwa kwa kijitabu cha mazishi," akasema. "Na kubwa ya kuwekwa mbele ya jeneza. Lakini si hii. Hamna nyingine?"

"Hii ina shida gani?" Karanja akauliza kwa upole.

"Mzee, tazama. Amecheka mpaka pengo linaonekana. Kitambaa kimeanguka. Hii ni matanga, si harusi. Dada yangu alikuwa mtu wa heshima, na watakuja watu wa kanisa."

Karanja akafungua kompyuta atafute, na ile ya kwanza ikatokea, kamili, kutoka kitambaa mpaka mikono juu ya mapaja, mtoto kando. Mwanamume akainama.

"Hii," akasema. Sauti yake ikapasuka kidogo. "Hii ametulia. Na mtoto yupo. Hii ndiyo tutaweka ukutani kwa Cucu, mama yetu, mtoto akue akiiona. Ile nyingine mnaweza kubaki nayo."

"Yeye mwenyewe aliikataa hiyo," nikasema. "Alisema huyo siye yeye. Aliniomba nisimwonyeshe mtu."

Alinitazama bila hasira, kwa macho yaliyochoka. "Dada, alikuwa mgonjwa. Wagonjwa husema mengi. Mimi ndiye ninayezika."

Na alikuwa na haki, vijana wangu. Sijawahi kumwona kuwa mtu mbaya. Alikuwa ametembea ofisi ngapi asubuhi hiyo, amebeba mangapi. Alisema atarudi kesho asubuhi mapema. Akaiacha ile ya kicheko juu ya meza, kwenye gazeti lake.

Karanja alivaa koti. Alikuwa na sherehe ya kupiga picha Kahawa Sukari. Alisimama mlangoni akichezea funguo.

"Mteja ameomba, Shiro," akasema. "Ichapishe kabla hujafunga."

"Na ahadi yangu?"

"Hiyo sikuitoa mimi," akasema, akashuka ngazi.

Nilibaki peke yangu. Ilikuwa saa tisa alasiri, jua limeingia mpaka kwenye benchi. Sheria ya studio ni kwamba picha ya mteja ni ya mteja, na hadi leo ninawaambia msifute kazi ya mtu, msifanye nilivyofanya kwa sababu tu mimi ni mzee na nimewasimulia vizuri. Nilifikiria msichana anayekua kwa nyumba ya Cucu wake, kila siku anakula ugali mbele ya yale macho yaliyokodolewa, akidhani mamake alimwogopa mtu. Nilifikiria pia mwanamume yule akirudi asubuhi na kofia yake mkononi.

Nilitia karatasi bora kwa mashine na kuichapisha ile ya kicheko upya, kubwa, mara mbili. Nikaziegemeza ukutani zikauke. Halafu nikaketi kwa kompyuta, nikaifungua ile ya kwanza, nikaitazama mara ya mwisho mpaka chini kabisa, nikaichagua, nikabonyeza kufuta. Kompyuta ikaniuliza kwa Kizungu chake kama nina hakika.

Niliijibu ndiyo kwa mdomo kwanza, halafu kwa kidole.